Mtalii Bora wa Bwawa la Kasembe

Idara ya Matembezi Mepesi iliutangazia umma kwamba, kuanzia mwezi wa saba, mlima ulioko juu ya Bwawa la Kasembe si mlima tena. Ni mwinuko rafiki. Kamati ya watu tisa ilikaa siku nne mjini Tunduma kuipima njia ya kupanda huko. Iliipima juu ya ramani iliyotandazwa mezani, na kwa kuwa meza haikuwa na mwinuko wowote, wajumbe waliafiki kwa kauli moja kuwa matembezi yale ni mepesi, ya dakika arobaini, na yanafaa kwa wazee, wajawazito na viongozi. Kibao kikasimikwa mwanzo wa njia, upande wa kijiji cha Ibaba: NJIA HII NI NYEPESI. ATAKAYECHOKA ATATOA MAELEZO KWA MAANDISHI.

Aliyekisimika ni Gasper, Kaimu Afisa Matembezi. Ukaimu ulikuwa umemganda kama kupe, huu mwaka wa sita. Hata mkewe, Imelda, akikasirika humwita kaimu mume. Gasper alitaka kitu kimoja tu duniani: kuthibitishwa. Na Mheshimiwa Clever, Mratibu Mkuu wa Idara, alishamwahidi. "Niletee watalii elfu moja kabla mwaka haujaisha, nakuthibitisha."

Palikuwa na upungufu mmoja mdogo, nao ni watalii. Mwezi ule wa mwanzo walikuja wawili, na mmoja wao alikuwa amepotea akienda Malawi. Gasper akaketi pale kibaoni na daftari la wageni, akawaza. Kila asubuhi kina mama walipita na majembe begani, wakiupanda mwinuko rafiki kwenda kwenye mashamba yao ya viazi nyuma ya kilele. Jioni walirudi. Mwongozo wa Idara, ukurasa wa pili, ulisema mtalii ni mtu yeyote anayefika kwenye mandhari kwa miguu yake. Haukusema lolote kuhusu jembe.

Wa kwanza kusimamishwa alikuwa Gwantwa, mjane mwenye shamba kubwa kuliko wenzake na maneno machache kuliko wote.

"Mama, weka sahihi hapa."

"Ya nini, baba? Mimi naenda kupalilia."

"Unaenda kutalii. Kupalilia ni shughuli ya ziada."

"Na nikirudi na kuni?"

"Hizo ni kumbukumbu za safari."

Gwantwa akasaini, maana asiyesaini hakupita. Kufikia mwisho wa Novemba daftari lilikuwa na watalii elfu moja mia mbili na nne, na Gwantwa peke yake alikuwa ametalii mara mia moja na tatu. Mheshimiwa Clever akaitia taarifa sahihi yake, ikaenda Dodoma. Dodoma ikapongeza.

Baada ya pongezi ilibidi ifanyike hafla. Mheshimiwa angepanda mwenyewe kumpa Mtalii Bora cheti pale kileleni, pamoja na kamati yote na waandishi wa habari. Barua ya kumthibitisha Gasper ilikuwa kwenye mkoba wa Mheshimiwa, imebaki kutiwa sahihi tu. Kwa ajili ya itifaki, njia ilifungwa: hakuna kushuka mpaka mgeni rasmi ashuke.

Sasa, siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku fuso la viazi kutoka Tunduma hufika barabarani. Saa nane linaondoka, na likishaondoka ni mpaka wiki ijayo. Gwantwa na wenzake watano walikuwa wamekwama kileleni tangu saa mbili asubuhi, kila mmoja na kiroba chake.

"Baba, fuso litatuacha," alisema Gwantwa. "Viazi vimeshalowa hivi. Vikikaa wiki vitaoza."

"Vumilieni, mama. Leo ni siku yenu."

Gasper alisema hivyo akitazama pembeni. Alikulia shambani, na kiazi kilicholowa alikijua. Aliona aibu, tena aibu ya kweli. Lakini alikumbuka ile barua, akaiacha njia imefungwa.

Mheshimiwa alianza kupanda saa nne kamili. Dakika arobaini zilimchukua saa mbili na nusu. Kila alipokaa chini kuhema, katibu wake aliandika kwamba amekagua jiwe, na hadi anafika yalikuwa yameshakaguliwa mawe kumi na moja. Kileleni ukungu ulikuwa umefunika kila kitu.

"Bwawa liko wapi?"

"Lipo mbele yako, Mheshimiwa."

Mheshimiwa aliukazia macho ukungu kwa muda wa kutosha. "Nimeliona," akatamka. "Linaridhisha." Waandishi wakaupiga picha ukungu.

Gwantwa akaitwa, akakabidhiwa cheti, watu wakapiga makofi. Akaombwa aseme neno moja la shukrani.

"Ndaga, baba, nimeshukuru," alisema. "Sasa naomba haki yangu namba nne."

Makofi yakakatika. Kileleni palikuwa na kibao cha pili, cha haki za mtalii, na namba nne aliitunga Mheshimiwa mwenyewe, kwa kuwa siku nyingi alitamani kupigwa picha akiwa amebeba kimkoba cha Mzungu. Ilisomeka: MZIGO WA MTALII UTABEBWA NA KIONGOZI MWENYE CHEO CHA JUU ALIYEPO, KAMA ISHARA YA UKARIMU. Gwantwa alikuwa amekaa mbele ya kibao hicho tangu asubuhi, hana kingine cha kusoma.

"Mzigo gani?" Mheshimiwa aliuliza.

"Huu hapa."

Mheshimiwa akacheka. Waandishi hawakucheka, walikuwa wanarekodi. Akamvuta Gasper pembeni kwa kiwiko.

"Wewe, huyu mtalii au mkulima? Angalia unavyojibu. Barua yako ninayo."

Gasper aliutazama mkoba. Kisha akamtazama Gwantwa, aliyekuwa akichungulia saa kwenye simu yake. Ilikuwa saa saba na dakika tano.

"Mtalii, Mheshimiwa," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Ni wa kwanza kwenye orodha uliyoisaini. Akiwa mkulima yeye, na wengine wote ni wakulima, na orodha iko Dodoma."

Alijua barua ile haitasainiwa leo wala kesho. Ajabu ni kwamba hakuumia alivyotegemea.

"Na hawa watano?" Mheshimiwa alinong'ona.

"Nao watalii. Tutagawana kufuata ngazi ya vyeo."

Gwantwa akasokota kitenge kikawa ngata, akaiweka juu ya kichwa cha Mheshimiwa, kiroba kikafuata. "Shingo wima, baba. Usiangalie miguu, utaanguka."

Wakashuka. Itifaki ilizingatiwa: hakuna aliyemtangulia mgeni rasmi. Nyuma yake walifuata wajumbe wanne na viroba vyao, kisha Gasper na cha mwisho, maana hata ukaimu ni cheo. Watalii walikuja nyuma mikono mitupu, wakipiga soga, wakisema kweli njia hii ni nyepesi.

Fuso lilikuwa limeshawashwa. Utingo alikipokea kiroba cha kwanza, akamtazama aliyekileta kuanzia kwenye ngata hadi viatuni. "Mzee, Alhamisi ijayo unapatikana?"

Mheshimiwa alikuwa ameshaketi chini ya kibao cha mwanzo wa njia, anatweta. Gasper akamwekea magotini karatasi nyeupe na kalamu kwa ajili ya yale maelezo, halafu akampelekea Gwantwa fomu, maana mwongozo unamtaka mtalii amtathmini aliyembebea mzigo.

Gwantwa aliandika polepole, kwa herufi kubwa: ANAJITAHIDI, ILA ANAKAA KAA SANA NJIANI. ASITHIBITISHWE KWANZA. AKAIMU MPAKA MAVUNO YAJAYO.

Gasper akaisoma mara mbili, akagonga muhuri.