Lebo za Keki ya Tufaha

Jumatatu, 3 Machi
Kamati ya Maonyesho ya Kilimo inatafuta jaji wa keki. Atachaguliwa mwanablogu anayejulikana kuliko wote hapa Bonde la Huon. Mimi, basi! Nani mwingine? Nimeingia mtandaoni kutafuta keki ya tufaha. Wa kwanza: Noelene Batty, jirani yangu wa ng'ambo ya uzio. Picha, nyota tano, muda wa kuoka, vyote vimepangwa. Mimi niko chini kabisa, baada ya muuza matrekta. Roho imeniuma. Na keki yake yenyewe kavu kama tofali!

Jumanne, 4 Machi
Siri yake nimeigundua. Nyuma ya kila ukurasa wake kuna lebo, wajuzi huziita metadata. Msomaji hazioni. Mtambo wa kutafuta ndio unaozisoma: hii ni keki, huu ni muda wa kuoka, huyu ni mwandishi. Mke wangu Glenys kanishauri nijifunze kuziandika mwenyewe, taratibu. Kujifunza! Mimi! Nimenakili za Noelene zote na kuzibandika kwenye mapishi yangu yote. Chai haikuwahi hata kupoa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepanda hadi juu! Picha ya keki yangu, nyota tano! Nimecheza jikoni. Nimemsalimia Noelene uani, kwa huruma. Kajibu, "Mambo yako moto siku hizi, Clarrie!" Wivu huo.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Jaji ni Noelene! Lindsay Crabb, mwenyekiti wa kamati, kanipigia simu kunifariji. Kasema wameduwaa mwanamke mmoja kuandika mapishi mengi vile, hata mkate wa malenge. Mkate wa malenge wa mama yangu! Nimekimbilia kompyuta. Chini ya kila pishi langu: mwandishi, Noelene Batty. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Noelene kaja uzioni kuapa kwamba hakujua lolote, na kwamba yuko tayari kunifundisha, lebo moja moja. Nimemjibu nina shughuli. Glenys kacheka hadi kashika mbavu. Eti, "Hivi ulisoma hata moja, mzee?" Maswali mengine bwana!

Jumatatu, 10 Machi
Bado kuna kiti cha jaji wa jamu! Na fundisho nimelipata: kosa lilikuwa kumnakili mtu aliye hai. Rex Dunstan, bingwa wa jamu, tulimzika Juni. Blogu yake ipo bado, lebo zake safi kabisa, na marehemu hanung'uniki. Nimebandika zote, hadi za ukurasa wa wasifu. Safari hii jina nimebadilisha. Mimi si mjinga! Chini ya jina kuna tarehe mbili, ya pili ni ya Juni, sijui za nini. Nimeziacha, ila ya pili nimeiandika ya leo. Mtambo unapenda tarehe mpya.

Jumatano, 12 Machi
Nikiwa bafuni, Noelene kabisha hodi. Nimechungulia dirishani: macho mekundu, bakuli la nyama ya kuoka mikononi. Kamkumbatia Glenys, kampa pole, kasema pamoja na vituko vyangu vyote nilikuwa mtu mwema. Glenys kapokea bakuli huku akitazama dirisha la bafu. Hatimaye Noelene kakubali kushindwa! Kisha Lindsay kaacha ujumbe kwenye simu. Kasoma habari zangu mtandaoni. Maonyesho yote yatasimama kimya dakika nzima kwa heshima yangu.

Heshima yangu! Kiti cha jamu ni changu. Kesho nanunua suti.