Kopo la Maziwa Mbele ya Mkwe

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Nimeaibika kwa utaratibu, hatua kwa hatua, saa ikiwa mkononi.

Nawaandikia haraka ninyi wenzangu wa Mbeya kwa sababu wageni wangu wanarudi huko kesho, na barua hii itapanda basi lile lile. Afadhali mnisikie mimi kwanza. Mnaweza kuisoma kwa sauti pale kwa fundi cherehani, lakini sehemu ya kanga irukeni. (Mtaiona. Irukeni.)

Mnajua Veronika wangu anachumbiwa na Anyosisye, yule karani wa Kinyakyusa aliyepangiwa kazi hapa Iringa. Leo watu wake walikuja kusikia jibu letu na kutupa lao. Mshenga wetu, Yoramu, alikuwa amewaambia kwamba binti anajua kuoka keki za Kizungu. Hakuniuliza. Shangazi wa kijana alijibu neno moja tu: "Tutaonja."

Neno hilo limenikosesha raha wiki mbili. Wakionja na kukuta hakuna keki, sisi ni waongo. Na mtu aliyedanganya juu ya unga, watamwamini vipi juu ya tabia ya binti yake?

Keki yenyewe tulikuwa nayo, ndani ya boksi. Mama mmoja wa Kizungu niliyemtengenezea saa ya ukutani alinipa alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Unga wake umekwishachanganywa na sukari na chokoleti, wewe unaongeza mayai na maji. Juu ya boksi kuna picha ya keki nyeusi, imemwagiwa karameli, imenyunyiziwa karanga. Mpango ulikuwa Veronika aioke, nami nimsomee maelezo.

Jana jioni Yoramu akaja anahema.

"Baba Veronika, mambo yameharibika. Baba wa kijana amekuja mwenyewe! Ameshuka kwenye basi na dada yake."

Kwenu sina haja ya kueleza, lakini huyo fundi cherehani ni mgeni huko, kwa hiyo mwambieni. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Mazungumzo ya ndoa yakishaanza, binti akisikia sauti yake tu anapinda njia, na mzee naye vivyo hivyo. Si utani. Na jiko letu linatazamana na mlango wa sebule, hatua kumi na moja. (Nimezipima.)

Basi Veronika akahamishiwa kwa jirani, nyuma ya ua wa mabua. Mke wangu naye akahamia huko na kuku wake wawili, apike kwenye mafiga makubwa.

"Na keki je?" nikauliza.

"Wewe si unasoma kila kitu?" akasema mke wangu. "Soma na hiyo. Mimi chakula kinachotoka kwenye karatasi sikijui."

Sikuogopa. Kutengeneza saa nilijifunza kwa kusoma. Kiingereza nilijifunza kwa kusoma maandishi ya makopo. Boksi moja lingenishinda?

Leo saa mbili asubuhi nilinakili maelezo yote kwa Kiswahili, nikatundika karatasi kwenye msumari. Nikajifunga kanga ya mke wangu kiunoni ili kulinda suruali ya wageni. Nikavunja mayai. Nikakoroga mikorogo mia tatu, kama ilivyoandikwa. Nikamimina kwenye sufuria, nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko.

Keki iliumuka. Iliumuka vizuri mno! Ikaunyanyua mfuniko pamoja na makaa yake, ikachungulia nje, halafu mbele ya macho yangu ikashuka katikati kama kaburi la zamani. (Boksi liliandikwa na watu wanaokaa pwani, nafikiri. Huku juu kwetu hata maji huchemka kwa tabia nyingine.) Pembeni ilikuwa keki. Katikati palikuwa bonde.

Nikajituliza. Bonde litajazwa karameli, na hakuna atakayejua.

Sasa karameli. Ndani ya boksi haimo. Maelezo yanasema uchukue kopo la maziwa mazito yenye sukari, usilitoboe, ulitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa saa tatu. Maziwa yatageuka karameli humo humo. Kisha kuna onyo, nami nililipigia mistari miwili: maji yafunike kopo wakati wote, lisije likapasuka. Nililitumbukiza saa tatu na dakika tano. Wageni walitakiwa saa nane. Hesabu ilikuwa safi.

Wageni wakaja saa tano.

"Hodi hapa! Baridi ya kwenu hii, tumeona tuje tuote moto," akasema Shangazi Subilaga. Ni mama mnene, mchangamfu, mwenye macho ya karani wa mizani. Nyuma yake kaka yake, baba wa Anyosisye, mrefu, koti jeusi, kofia ya heshima. Nyuma kabisa Yoramu, ananitazama kiunoni kwa hofu. Sikuelewa kwa nini.

Nikawakaribisha sebuleni. Mke wangu akapitisha juu ya ua sahani ya magimbi ya kuanzia. Ndipo Yoramu akaninong'oneza, "Maji ya kunawa."

"Yapo mtungini."

"Ya baridi? Mwezi wa sita? Unataka mkwe anawe barafu?"

Alikuwa na haki. Kwetu mgeni hanawi maji ya baridi msimu huu, ni kama kumwambia aondoke. Lakini maji ya moto nyumbani mwangu yalikuwa mahali pamoja tu.

Nilichota bakuli la kwanza kwa ajili ya mkwe. La pili kwa Shangazi. La tatu kwa Yoramu, ambaye angeweza kunawa ya baridi na asife. Nilipotazama, mgongo wa kopo ulikuwa nje kama kiboko mtoni. Nikajisemea: nawanawisha, narudi mara moja, naongeza maji.

Nikawanawisha. Nikageuka niondoke. Mkwe akaanza salamu.

Ndugu zangu, mtu haondoki katikati ya salamu za mkwe. Nikakaa.

"Habari za hapa?"

"Nzuri, baba."

"Wazee wa hapa?"

"Wazima."

"Ng'ombe?"

"Wako Kalenga kwa kaka yangu. Wazima." (Maji yanapungua kidole kimoja kila dakika sita.)

"Majirani?"

"Wazima wote!"

"Eee, tusiende mbio. Na mvua za Kalenga zilikuwaje?"

Nikasema zilikuwa nzuri. Akaanza kunieleza mvua za kwake, tangu ya kwanza. Alipofika kwenye migomba iliyoangushwa na upepo, kwa hesabu yangu sufuria ilikuwa imekauka. Nikainuka nusu. Yoramu akanivuta chini kwa kushika kanga.

Kanga! Nilikuwa nimewapokea wakwe, nimewanawisha, nimejibu habari za ng'ombe, huku nimejifunga kanga ya mke wangu yenye madoa ya chokoleti. Hakuna aliyenitajia. Kwa adabu.

"Kuna kitu kinaungua?" akauliza Shangazi, pua juu.

"Hapana," nikasema.

"Kinaungua," akasema mkwe. Akasimama, akatoka, akaenda moja kwa moja jikoni kwangu kwa hatua ndefu. Nikamkimbilia. Alikuwa ameshainama mlangoni, anachungulia.

"Baba, usi—"

PUU!

Kabla hamjaogopa: hakuumia. Ukuta na bati vilichukua sehemu kubwa, na kilichomfikia kilikuwa kimepoa njiani. Lakini kilimfikia. Koti. Kofia. Ndevu. Miwani, kioo cha kulia na cha kushoto, vyote vimepakwa kama kwa mwiko. Alisimama wima, rangi ya udongo wa Kalenga kuanzia kifuani kwenda juu.

Ndipo ua wa mabua ukapasuka.

"Baba! Baba yangu amekufa!"

Veronika. Alisikia mlipuko, akapita katikati ya mabua kama ndama, akaja mbio akasimama hatua moja mbele ya mkwe wake. Uso kwa uso.

Mtoto akajifunika uso kwa viganja. Yoramu akajifunika wake, sijui kwa sababu gani. Nami, mtu mzima niliyesoma vitabu, nikaona jambo moja tu la kufanya. Nikafungua kanga kiunoni nikamfunika nayo mkwe kichwani, mzima mzima, kama unavyofunika tenga la kuku.

"Usitoke humo, baba," nikamwambia.

"Sitoki," akajibu.

Shangazi Subilaga akaja taratibu. Akamsukuma Veronika arudi alikotoka. Kisha akainamia ile kanga.

"Kaka. Umemwona?"

"Nimwone na nini? Naona maziwa tu."

Shangazi akatugeukia. "Hajamwona. Hakuna kosa."

Lakini hakuwa amemaliza. Alipitisha kidole kwenye bega la kaka yake, akaonja. Akapitisha tena.

"Nani kapika hii?"

"Binti!" akasema Yoramu upesi. "Binti mwenyewe, kwa mikono—"

Shangazi akanitazama. Nilikuwa na unga hadi kwenye nyusi. Nikafikiri: jibu la leo ndilo watakaloondoka nalo Mbeya, na mwanangu ataishi nalo.

"Ni mimi, shangazi," nikasema. "Veronika hajagusa hata boksi. Keki hajui. Anajua kuku, anajua ugali, anajua kushona, na uongo hajui. Uliotangulia ni wetu sisi wanaume wawili."

Kutoka ndani ya kanga ikasikika sauti: "Na kuku wako wapi?"

Shangazi akacheka hadi akashika nguzo ya jiko. "Ndaga, baba! Ahsante! Unafikiri sisi tuna shida ya keki? Tulisema tutaonja ili tujue kama huyu Yoramu ni mwongo. Sasa tumejua. Lete kuku!"

Tukala. Keki nayo ililiwa, pembeni tu. Jibu letu lilikuwa ndiyo, na lao pia. Ndoa itakuwa baada ya mavuno, na Yoramu ameombwa asizungumze tena mpaka siku hiyo.

Mimi nimekubali yaishe. Nawaomba jambo moja tu: mkikutana na mkwe wangu huko, mwamkieni kwa heshima zote, na kofia yake msiitazame. Tumeisugua na majivu, imegoma.