Uso wa Shangazi Wavuka Mpaka

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kuliko zote. Nimeianza kwa shukrani na nitaimaliza kwa shukrani.

Nilikuwa karakanani nakoroga dawa, simu ikalia. Mama mmoja wa nchi jirani, mwenye maduka ya viatu. Msafiri aliingia dukani kwake na kopo la dawa yangu ya viatu, naye akalinunua palepale, limetumika nusu. Sasa anataka katoni kwa katoni. Anataka "Macho ya Shangazi" katika kila duka lake. Nikamjibu kwa sauti nzito kwamba nitaangalia kama ghala linaruhusu. Ghala! Makopo yasiyouzwa yamejaa mpaka tunayakalia wakati wa chakula.

Kwa yeyote atakayeisoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa: Macho ya Shangazi ni dawa nyeusi ya viatu. Juu ya kopo kuna picha ya shangazi yangu, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, anatazama chini kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai. Nilimpiga picha hiyo harusini, akitazama viatu vyangu. Mteja akiona kopo anajishtukia, anaangalia miguu yake, ananunua. Ndiyo biashara pekee inayotulisha mimi na mke wangu.

Mke wangu akasema nisitume hata kopo moja kabla ya kusajili alama yetu kule. Nikamwonyesha cheti cha usajili ukutani. Kina muhuri. Nimekitia fremu. Akasema fremu haivuki mpaka. Wivu wa maendeleo huanzia nyumbani.

Jioni nikampitia jirani Mfuniko. Naye anatengeneza dawa ya viatu, na jina hilo alilipata kwa sababu makopo yake hayafunguki bila bisibisi. Alifurahi kuliko ndugu wa damu. Akauliza ni nchi gani, ni mji gani, na kama huko nimeshasajili. Nikamjibu yote. Nashukuru kuwa na jirani anayejali mambo ya mwenzake.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa wakili ili mke wangu anyamaze. Wakili huyo alisoma na mke wangu, na ofisi yake iko juu ya duka la mikate, kwa hiyo unamsikiliza huku tumbo linakujibu.

Amenieleza kama anayemweleza mtoto. Cheti changu kinaishia mpakani. Kila nchi ina daftari lake la alama za biashara, na nchi ile ninayotaka kwenda humpa alama anayewahi kuomba, si aliyeanza kuitumia. Nikilala, mtu mwingine ataisajili, na hapo dawa yangu ikifika kule itakamatwa kama bandia. Yaani mimi niliyeibuni nitakuwa mwigaji wangu mwenyewe. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikatoa wazo la kupunguza gharama: tuchape juu ya kopo maneno "Imesajiliwa Dunia Nzima". Akasema huo ni uongo, na una adhabu yake. Akaniuliza kama nimemweleza mtu yeyote habari za mteja huyu. Nikasema hapana, ni jirani tu. Akafumba macho kwa muda. Nadhani ni uchovu wa kazi.

Nikamwahidi nitafikiria. Nashukuru harufu ya mikate, imeniokoa na chakula cha mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Tangu juzi lango la Mfuniko limefungwa. Nikajua ni msiba. Asubuhi nilimwombea kwa jina, yeye na marehemu wake, yeyote yule.

Saa za mchana mama wa maduka akapiga simu. Amesikia kwamba kule kwao kuna mtu ameomba kusajili "Macho ya Shangazi", jina na picha. Akauliza kama ni wakala wangu. Mtu mfupi, ana begi la makopo, na moja limeshindwa kufunguka mbele ya karani.

Mfuniko!

Mdomo uliponza kichwa, na mdomo wenyewe ni wangu. Nilikaa juu ya katoni nikaona maisha yangu yote yakivuka mpaka bila mimi. Mke wangu hakusema "nilikwambia". Alivaa viatu, akanishika mkono, tukaenda kwa wakili. Nashukuru kwa mwanamke huyu.

Wakili akasema bado hatujafa. Ombi la Mfuniko halijakubaliwa, na tunaweza kuwasilisha letu pamoja na pingamizi. Kisha akasema jambo tamu. Sheria ya kule hairuhusu uso wa mtu aliye hai kusajiliwa kama alama bila ridhaa yake kwa maandishi. Mfuniko hawezi kufika popote bila sahihi ya Shangazi.

Nikasimama. Nikampa mkono mara mbili. Nikasema imekwisha, Shangazi ndiye aliyenilea, hawezi kumpa mtu baki.

Wakili akaniuliza ridhaa yangu mimi iko wapi.

Nikakaa tena. Wakati wa kusajili hapa nilieleza kwamba uso ule ni wa kubuni. Shangazi hajui kwamba yuko kwenye kopo. Anajua nauza brashi. Hanunui dawa ya viatu dukani, anajitengenezea mwenyewe kwa nta ya nyuki na masizi, kwa hiyo nilijiambia hatakutana na uso wake kamwe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekuja na mpango safi. Shangazi anapenda kuandika jina lake, ana mwandiko mzuri. Nikaichukua karatasi ya ridhaa kutoka kwa wakili, nikaiweka katikati ya karatasi nyingine: ombi la taa za mtaani, mwaliko wa mkutano wa wazazi, risiti za maji. Nikaenda nyumbani kwake, nikamwambia asaini zote, ni mambo ya mtaa.

Akaomba miwani. Akaiweka kwenye ncha ya pua. Akasoma moja moja.

Akasema mkutano wa wazazi ulishapita, na kwamba yeye hana mtoto shuleni. Akaendelea kufunua. Nilipoona amebakiza karatasi moja kabla ya ile yenyewe, nikajifanya nimeitwa na simu, nikazikusanya zote nikatoka mbio. Kiatu kimoja kilibaki barazani kwake.

Mke wangu akaniuliza nimewezaje kupoteza kiatu katika safari ya mitaa miwili. Nikasema nimekitoa sadaka. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na leo ameipita na kiatu kimoja. Akaniambia niende nikamweleze Shangazi ukweli. Nikamwambia ana mawazo mazuri ila hajui biashara.

Hata hivyo nashukuru. Kilichobaki ni cha kushoto, ambacho kilikuwa kinanibana.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango wa pili. Mama yake fundi cherehani wa mtaa wetu anafanana na Shangazi ukimtazama kwa mbali, hasa jua likiwa machoni. Nikamwomba aje kwa wakili aseme yule wa kwenye kopo ni yeye, kisha asaini. Mama wa watu alikubali, akavaa vizuri. Tatizo ni tabasamu. Ni mtu wa furaha. Nilimwonyesha kiatu changu kichafu akakitazama kwa huruma, akanishika bega, akaniuliza kama nyumbani tunakula.

Wakili hakumruhusu hata kukaa. Aliniita pembeni akasema kwamba nikimletea mwenye uso wa kukodi tena, atanitetea kwenye kesi ya jinai badala ya hii ya alama. Akaongeza kwamba Mfuniko amerudi na ameonekana akizunguka karibu na nyumba ya shangazi yangu.

Aliyemwonyesha nyumba hiyo ni mimi. Mwaka jana nilimpeleka mwenyewe tukale chakula.

Nimerudi nyumbani nikiwa sina mpango wa tatu. Mke wangu amenibandikia chai. Amesema hata kama biashara itakufa, tutaanza na nyingine, wenye mikono hawakosi kazi. Nikammiminia na yeye kikombe. Nashukuru sana. Naandika hivyo kwa herufi kubwa moyoni.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi bila mpango wowote, na bila kiatu cha kushoto kinachofanana na cha kulia.

Nilimkuta Mfuniko ameshatangulia, kakaa kwenye kigoda, blanketi jipya la zawadi liko mkekani. Alikuwa anamweleza Shangazi jinsi atakavyomfanya ajulikane nchi za nje. Aliponiona akanisalimia kwa adabu zote, kama si yeye. Shangazi akaniambia nikae kigoda cha pili.

Akateremsha miwani. Akatazama viatu vya Mfuniko, vilivyojaa tope la njia nzima. Kisha akatazama vyangu. Kisha akavirudia kimoja baada ya kingine. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini dawa yangu inauzika.

Akasema ameshangaa kuona watu wawili wanagombania uso wake kwa ajili ya dawa ya viatu, na kati yao hakuna aliyepaka viatu. Mfuniko akavuta miguu chini ya kigoda. Shangazi akamrudishia blanketi lake, akamwambia nje kuna ndoo na kitambaa, aoshe viatu kabla ya kwenda kwa mtu mzima mwingine. Mfuniko akaenda. Nilimsikia akiosha.

Tukabaki wawili. Nikafungua kinywa kuanza kueleza, Shangazi akainuka akaingia ndani. Akarudi na kopo langu, lile la toleo la kwanza kabisa. Ndani ameweka vifungo. Amekuwa nalo tangu nilipoanza kuuza. Mwenye duka jirani yake alimletea, akidhani amefungua kiwanda.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa ananisubiri mimi niseme. Hakukasirika kwa picha, alikasirika kwa dawa. Alinifundisha nta ya nyuki, nami ninatia mafuta ya taa na rangi. Nimemchora yeye nje halafu ndani nikaweka uongo. Kila alipoona kiatu kimepasuka mtaani, alijua ni yeye anayelaumiwa.

Nilikumbuka alivyokuwa akinipaka viatu vya shule kila asubuhi, vya kurithi, vikubwa kuliko miguu yangu, vinang'aa mpaka wenzangu hawakuona kwamba si vyangu. Sikuwahi kumshukuru kwa hilo. Leo nimemshukuru. Nimesema yote, na picha, na karatasi za mtaa, na mama wa fundi cherehani. Alicheka kwenye sehemu ya mama wa fundi cherehani. Kisha akaniomba ile karatasi, kwa kuwa Jumamosi aliishia karatasi moja kabla yake.

Akasaini, kwa masharti. Nta ya nyuki irudi. Na kila Jumamosi niende tupake viatu pamoja, vyake na vyangu, barazani. Nikakubali vyote. Akanitolea kiatu changu cha kushoto. Kilikuwa kinang'aa.

Ijumaa, 14 Machi

Wakili amepeleka ombi letu na pingamizi kwa wakala aliye kule, ridhaa ya Shangazi ikiwa juu. Amesema bila ridhaa ombi la Mfuniko halina miguu. Ameniuliza kama kuna nchi nyingine nafikiria kuuza siku za usoni, tuombe mapema. Nikasema hakuna, nimeshajifunza.

Mfuniko mwenyewe alikuja asubuhi. Viatu vyake vilikuwa safi. Akasema ameondoa ombi lake, tamaa ilimpanda kichwani. Akaniomba radhi. Nikamsamehe hapohapo, mimi si mtu wa kuweka kinyongo, na alikuwa ameleta mikate.

Mama wa maduka amekubali kusubiri mpaka mambo ya kule yakamilike, na dawa mpya ya nta ikolee. Mke wangu ameimba akiosha vyombo. Sijui nimefanya wema gani kustahili watu hawa. Nashukuru. Nashukuru. Nashukuru.

Jumapili, 16 Machi

Jana nimepaka viatu na Shangazi barazani, kama nilivyoahidi. Kazi ya kupaka inatuliza akili, na akili iliyotulia huzaa mawazo. Nimepata wazo kubwa kuliko yote.

Dawa ya viatu vyeupe! Vya vitambaa, vya vijana. Mnunuzi nimeshampata leo, ni mtu wa nchi ya pili baada ya ile, shemeji ya mama wa maduka. Mpango wa jina: "Kicheko cha Mama Mkwe". Picha nimeshaipata pia. Mama mkwe alikuja kula kwetu mchana, akacheka shati langu, nikampiga picha huku nikijifanya nasoma ujumbe. Ameonekana vizuri, meno yote. Hakuna haja ya kumsumbua kwa karatasi, mtu anayecheka hivyo ameshakubali.

Kwa wakili nitakwenda baadaye, mzigo ukishafika. Safari hii nimekuwa msiri sana. Mke wangu sijamwambia. Shangazi sijamwambia.

Nimemdokezea Mfuniko tu, kwa sababu tumepatana na kinyongo si kizuri. Amefurahi kweli. Ameuliza ni nchi gani, na mama mkwe wangu anaishi mtaa upi. Sasa hivi naliona lango lake limefungwa. Maskini, misiba inamwandama. Nimemwombea. Nashukuru kwa jirani kama yule.