Sitaki Iliyopitia Ulaya

Mtongwe, Likoni

Waheshimiwa Wakurugenzi wa Radi Mtandao na Tumbawe Mtandao,

Assalaam aleikum. Nawaandikia nyote wawili barua moja, kwa kuwa mimi ni mteja wa Radi, naye Bwana Rama wa Mtopanga, Kisauni, ni mteja wa Tumbawe, na kila tukilalamika mwatuambia tatizo liko upande wa pili.

Mjukuu wangu Abdulaziz ataka kumwoa Jalila, binti wa Bwana Rama. Magoti yangu hayawezi tena feri, basi posa nikaipeleka kwa simu ya video, wazee wamejaa pande zote mbili. Jalila akaulizwa kama ameridhia. Kimya. Uso umeinama, hautikisiki. Kwetu binti akiulizwa akanyamaza, huwa ameridhia. Mke wangu Mwanatatu akapiga vigelegele, sinia la halua likatoka mbio kwenda Mtopanga, tukasoma Fatiha. Kumbe picha ilikuwa imeganda. Tulipokuwa twaitikia "Amin", sauti ya Jalila ikafika: "Sitaki."

Tangu siku hiyo Abdulaziz chakula hakimpiti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wa Radi, Lavender, alikuja akapima. Ndani ya Radi mambo yaenda mbio, ndani ya Tumbawe vilevile. Uzito uko mnapokutana. Nyaya zenu zapita mtaro mmoja hapa Mombasa lakini hazisalimiani, kwa kuwa hamjakubaliana nani amfuate mwenziwe. Kwa hivyo neno la Mtopanga huenda kwanza hadi Ulaya, lipange foleni kwenye kijilango chenu cha huko, ndipo lije Likoni. Ni kama kumpelekea jirani wa ukuta kwa ukuta bakuli la futari kupitia Nairobi. Litafika, lakini watu washalala.

2. Binti wa watu amesomewa Fatiha kwa jambo alilolikataa, nasi tumeitikia Amin kwa kukataliwa kwetu.

3. Ikiwa mmegombana, njooni kwangu. Mkeka upo, kahawa chungu ipo. Nimesuluhisha ndugu waliogombea minazi, sembuse waya.

4. Ikiwa suluhu haitoshi, basi naposa. Radi amwoe Tumbawe, au Tumbawe amwoe Radi, mimi sina upendeleo. Nitakuwa mshenga, na mahari yawe waya mfupi wa kuvuka huo mtaro. Mkinyamaza nitahesabu mmeridhia, na Fatiha yenu tutaisoma Ijumaa.

Nisalimieni mafundi wote, na wale vijana wapokea simu watuambiao "subiri kidogo" kwa adabu kubwa. Mwanatatu awasalimu pia, ingawa kwa shingo upande.

Wenu katika kusubiri,
Ismail Mwinyi, mwalimu mstaafu

Baada ya sahihi: Leo Jalila na mamake wamevuka feri kuja kurudisha halua, ili ile "sitaki" isikike bila mikwaruzo. Kumbe alichokataa ni kuulizwa jambo kubwa kama hilo kwenye simu, mbele ya wazee wote. Abdulaziz amemwomba radhi kwa vile vigelegele, wakazungumza mpaka alasiri, Mwanatatu ameketi kati yao. Jibu hajatoa, lakini halua amerudi nayo Kisauni. Mtandao ungekuwa mzuri, tungekataliwa kabla halua haijatoka na mambo yangeishia hapo. Kwa hivyo, waheshimiwa, nawasihi msiguse waya wowote mpaka niwaandikie tena.