Magurudumu Yaliyokataa Gwaride

Nakaloke, Mbale
Jumatano

Ndugu Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi wa Trekta, Jinja.

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi si mzima. Mimi ni sajini mstaafu wa Magereza, na namshtaki kwako fundi wenu Faraj kwa kutetea uasi ndani ya trekta yangu.

Jambo lenyewe ni zito. Nimeahidi kulima shamba la mama mkwe kabla ya Jumamosi. Nisipolima, mke wangu Ketty atakwenda kwao kulima kwa jembe, na amesema hatarudi hadi mavuno. Nampenda Ketty, na kupika sijui.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Trekta ikiingia kwenye tope, gurudumu la kushoto linazunguka kama limerogwa, la kulia limetulia tu. Nilimwita Faraj akomeshe uvivu huo. Akainua nyuma yote kwa jeki, akasukuma gurudumu moja kwenda mbele. La pili likaenda nyuma! Mbele ya macho yangu! Faraj akasema, "Afande, hii iko sawa kabisa."

2. Akaeleza kwamba difu, zile gia zilizo katikati ya magurudumu ya nyuma, imetengenezwa hivyo ili gurudumu moja liweze kulipita jingine trekta inapokata kona. Eti ipo pedali ya kuyafunga magurudumu yote pamoja tope likizidi, nayo imeganda kwa kutu. Nimpe siku tatu ailegeze. Miaka ishirini na sita nimefundisha gwaride, sijaona mguu wa kushoto ukiomba siku tatu ndipo uelewane na wa kulia.

3. Nilipoyapigia magurudumu amri ya kutembea, Faraj alicheka hadi akaketi kwenye ndoo ya oili. Haikuwa na kifuniko. Sikumhurumia.

4. Tukiruhusu leo magurudumu yapingane, kesho plau italima kwa jirani, na keshokutwa kuku wangu wataniuliza ninakwenda wapi.

Kwa hiyo naomba Faraj anyang'anywe spana, na trekta zote za mashariki zifundishwe gwaride. Mwalimu nipo.

Wasalimie mafundi wote na familia zao, isipokuwa yule mmoja.

Wako katika nidhamu,
Romano Wanyama

Nyongeza, Ijumaa: Hii anaiandika Ketty, maana mimi nimefumba macho. Sikusubiri hata kuipeleka barua hii posta. Jana Conrad, mchomeleaji wa hapa, aliichomelea difu ikawa kitu kimoja. Leo magurudumu yametembea pamoja, safi kabisa, hadi mwisho wa shamba. Nikakata kona. Trekta ikakataa. Tumepita ua, tumepita banda la kuku, tumesimama mlangoni mwa bafu la mama mkwe, naye yumo anaoga. Unajua kwetu mkwe hatazamwi hata usoni. Mtume Faraj upesi, aje na difu yenye ugomvi. Mama hawezi kutoka mpaka niondoe trekta, nami siwezi kuondoa trekta mpaka nifumbue macho.