Sahani ya Tatu ya Malantani

Leo nimeumbuka. Kaspari na Musa, nawaandikia jioni hii hii, kabla watu wa Temeke hawajawaandikia wao, maana wataongeza chumvi. Chumvi haihitajiki. Iliyopo inatosha.

Simu ya msiba mliipata. Rafiki yetu Damasi tulimzika Alhamisi, homa ya siku tatu tu, na leo Jumapili tumeanua matanga. Kaspari, najua Tabora ni mbali. Musa, najua kijiji cha ujamaa hakimwachii mwalimu wake katikati ya mavuno. Hakuna aliyewalaumu. Ila mngekuwepo mngenishika mkono nikatoka mlango wa nyuma.

Mnajua mimi ni Mhehe na Damasi alikuwa Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaamua kutaniana. Kwa hiyo kwenye msiba wake kazi yangu haikuwa kulia. Kulia kuna wenyewe. Kazi ya mtani ni kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza, kuteka vitu vyake mpaka wafiwa wavikomboe, na kuwachekesha hadi wakumbuke kula. Mtani akilia, hiyo ni aibu ya kusimuliwa miaka.

Nilifika saa nane mchana. Bibi mmoja jikoni aliponiona tu akapiga kelele, "Fungeni mbwa! Wahehe wamefika!" Eti sisi Wahehe tunakula mbwa. Watu wakacheka kidogo. Nikaona mambo yatakuwa mepesi. (Hayakuwa.)

Mzee Tilmani, baba mkubwa wa Damasi aliyekuja kutoka Songea, akanivuta pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtani, huyu mjane tangu Alhamisi hajala wala hajasema neno. Sie tumeshindwa. Kazi ni yako."

Nikamtazama shemeji yetu, Mama Skola. Alikuwa ameketi mkekani anatazama ukuta. Moyo uliniuma. Nikaingia chumbani kwao, nikavaa suruali ya pekosi ya Damasi, ile pana miguuni iliyopigwa marufuku, aliyokuwa akiificha kila alipopita Balozi wa nyumba kumi. (Damasi alikuwa mwembamba. Zipu ilipanda nusu ya safari, ikagoma.) Nikatoka nikitembea kama yeye, kichwa juu, mikono nyuma, mkaguzi wa dunia nzima. Ua mzima ukacheka. Shemeji hakucheka.

Nikarudi ndani kutafuta silaha kubwa zaidi. Nikaikuta pale pale ilipokuwa siku zote, juu ya gramafoni. Sahani ya tatu ya Malantani.

Nyie hamhitaji maelezo, lakini barua zangu huwa mnawasomea watu, basi nieleze. Malantani ni wale vijana wa ng'ambo wenye magitaa ya umeme. Sahani zao mbili za mwanzo zilikuwa moto. Hata Balozi, ambaye aliuita huo muziki wa kibepari, mguu wake ulikuwa ukicheza chini ya meza. Ya tatu wakaweka fidla. Fidla! Na kinanda cha kanisani! Mimi nikasema wamelainika, sasa wanawaimbia mama wakwe. Damasi akasema wamekomaa, na asiyesikia hivyo ana masikio ya kuvalia kofia tu. Mwaka mzima, kila Jumapili baada ya misa, anaiweka, tunabishana mpaka chai inapoa. Mara ngapi nilimwambia mbele yenu, "Ingekuwa yangu hii ningeivunja."

Nikatoka nayo uani nimeiinua juu. "Wangoni! Mnasema ni homa? Waongo! Kilichomuua mtani wangu ni hiki hapa! Ni fidla!" Wakacheka. "Basi naiteka. Leteni jogoo, la sivyo naivunja sasa hivi!"

Hapo kwa desturi wafiwa hulalamika kidogo, kisha jogoo huletwa, mambo yakaisha. Jogoo mwenyewe nilikuwa nimeshamwona, amefungwa karibu na bomba. Lakini Mzee Tilmani naye anaujua utani. Akakunja mikono.

"Jogoo hatutoi. Hata yai hatutoi. Damasi aliniandikia kwamba kuna Mhehe anaichukia sahani hiyo kuliko njaa. Haya, mtani. Vunja!"

"Vunja!" wakaitikia wengine. "Vunja! Vunja!" Wanapiga na makofi.

Nikainua mkono. Ndugu zangu, mkono ulipanda vizuri sana. Kushuka ndiko kulikoshindikana. Niliitazama ile sahani, nikaona kwenye jalada alama za vidole vya Damasi, ile grisi ya kiwandani ambayo haikuwa ikimtoka hata kwa sabuni ya magadi. Nikajiambia, vunja, watu wanangoja. Kisha nikasikia mtu anasema, "Jogoo nitatoa mimi." Sauti ilikuwa yangu.



"Umesemaje?" akauliza Mzee Tilmani.

"Nitaleta jogoo. Wawili. Msinivunjishe, mzee."

"Tangu lini mtani akakomboa alichokiteka mwenyewe?"

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kulia. Wala si yale machozi ya kiume, unayafuta kwa kiganja ukasingizia moshi. Nililia kwa sauti, na kamasi, katikati ya ua, mchana kweupe, nimekumbatia sahani niliyoitukana mwaka mzima. "Jamani, mtani analia!" akaita yule bibi, na wanawake wote wakatoka jikoni kuja kushuhudia, mmoja na mwiko mkononi.

Ndipo Shemeji alipocheka. Alianza polepole, kisha akashika mbavu, akawa analia na kucheka kwa pamoja. Na neno lake la kwanza tangu Alhamisi likawa hili: "Shemeji, funga zipu."

Sina haja ya kuwaeleza kicheko kilichofuata. Nadhani walikisikia mpaka Mbagala. Lakini Shemeji aliletewa uji, akanywa bakuli zima. (Kwa hiyo kazi yangu niliifanya. Mkisimulia, msisahau hapo.)

Baadaye akaniita. "Hiyo sahani chukua, ni yako."

"Siwezi, shemeji. Damasi aliipenda mno."

Akanitazama kwa huruma. "Alishaichoka. Tangu Pasaka alikuwa akiniambia, yule Mhehe anasema kweli, fidla zimezidi."

"Sasa mbona kila Jumapili alikuwa akiiweka?"

"Alikuwa akisema, nisipoiweka, Mhehe atakuja kufanya nini?"

Ningekuja. Ningekuja hata angekuwa anapiga debe tupu. Lakini sikuwahi kumwambia hivyo, na yeye hakuuliza. Nilimpenda sana yule Mngoni, na nilichomwambia mwaka mzima ni kwamba hana masikio.

Basi nimeshinda ubishi, na ushindi wenyewe nimeupata nikiwa nimevaa suruali ya marehemu. Sahani iko hapa mezani ninapoandika. Naomba msicheke. Au chekeni, lakini yeyote kati yenu aniandikie upesi kwamba sahani hii ni nzuri, tena nzuri sana, nipate mtu wa kumwambia hajui muziki.