Meno Kumi na Sita kwa Mlima wa Mtoni

Jumatatu, 1 Agosti 1988

Baiskeli niliyoshinda kwenye bahati nasibu ya kanisa imenichosha. Gia kumi na nane. Mtu mmoja anazipeleka wapi gia kumi na nane? Leo cheni imeruka mara tatu kati ya nyumbani Lucky Summer na kiwandani Baba Dogo. Uji wangu ulifika kiwandani wafanyakazi wamesharudi kwenye mashine. Phelister, muuza uji mwenzangu, alikuwa anaosha vikombe. Akanipa pole. Pole ya Phelister huuma kuliko tusi.

Msimamizi wa kiwanda ametangaza: Jumatatu ijayo, atakayetangulia kufika ndiye atakayeuza ndani ya geti. Mwingine abaki nje na vumbi.

Gia zote zitolewe. Ibaki moja.

Jumanne, 2 Agosti

Fundi ninaye: Nyongesa, mume wa binti yangu Lenah. Lakini ni mkwe, na kwetu mkwe hamtazami mama mkwe akiwa ametanua miguu juu ya chuma. Kwa hiyo yeye uani na baiskeli, mimi jikoni nyuma ya mlango, Lenah katikati akibeba maneno.

Nyongesa akasema mbele ataacha gia ya meno thelathini na mawili. Nyuma je? Meno yakiwa mengi, mlima ni mwepesi ila mwendo wa kobe. Yakiwa machache, mwendo upo ila magoti yatalia. Angemwona mtu akipanda angejua, lakini kumtazama mama hawezi. Akauliza tu: mama akifika mlima wa mtoni, hupandaje?

Mimi hushuka nikasukuma. Lakini mkwe ataambiwaje hivyo? Nikamtuma Lenah aseme mama hupanda akiimba.

Lenah akaninong'oneza, "Mama, kweli?" Nikamwambia apeleke maneno kama alivyopewa.

Nikasikia Nyongesa akichakura spana. Kisha akasema, haya, kumi na sita.

Alhamisi, 4 Agosti

Mteremkoni nimeruka kama mwewe. Nimempita Phelister akisukuma wilbaro lake la uji, hata salamu sikumpa.

Kisha daraja. Kisha mlima. Nikasimama juu ya pedali kwa uzito wangu wote, na uzito ninao. Pedali ikakataa. Baiskeli ikaanza kurudi nyuma, na mimi juu yake. Nikashuka.

Phelister akanifikia, akauliza kama namngoja. Nikamjibu napunga hewa. Akasema hewa ya huko juu ni nzuri zaidi, akapita.

Uji tumekunywa sisi nyumbani.

Ijumaa, 5 Agosti

Aibu. Nilikuwa katikati ya mlima, nasukuma, kitambaa cha kichwa kimeanguka mabegani, namtukana aliyeumba vilima. Mbele yangu nani anateremka? Nyongesa. Akaniona. Akajitupa kwenye mahindi ya watu kando ya njia, akakaa humo mpaka nikapita. Mabua yalikuwa yanatikisika. Kijana ana adabu, lazima niseme.

Jioni Lenah akaja na ujumbe. Nyongesa ana gia ya meno ishirini na mbili, inakaa bure, inamzibia nafasi kwenye kasha la spana. Kama mama hatajali, aifunge kwangu, cheni ipumzike.

Ya mlimani hakuyataja. Nami sikuyataja. Nikasema sawa, kama inamzibia nafasi.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimepanda mlima wote nimekaa. Taratibu, miguu ikizunguka kama ya bata majini, lakini nimepanda. Phelister nilimwacha darajani. Msimamizi mwenyewe kanifungulia geti. Debe la uji limekwisha kabla ya kengele.

Phelister kauliza nje ya geti siri ni nini. Nikamwambia ni mapaja, dada, si chuma. Ukiwa nayo unayo.

Nimewapikia wanangu kuku. Nyongesa kala sebuleni, mimi jikoni. Akamtuma Lenah aulize kama gia mpya inamfaa mama.

Nikamwambia ajibu inafaa, ila ni nyepesi, ni ya wagonjwa. Jumamosi anifungie ya meno kumi na nne.